Ubani Nilioupeleka Ngara

Wenzangu mliokuta duka langu limefungwa siku tisa mfululizo, kisha mkaniona nimerudi sina maneno, mmeniuliza mara nyingi kilichonipata Ngara. Nimejaribu kuwaeleza nimeshindwa. Kila nikianza nabadilisha mazungumzo. Basi nimeona niandike, msome wote, halafu tukikutana tuzungumze mengine.

Mnanijua mimi Saada wa duka la hina na udi hapa Biharamulo mjini, wa familia iliyotoka Pwani enzi za babu. Wengi wenu hamjui kwamba nilikuwa na dada. Anaitwa Rukia, amenizidi miaka sita. Miaka ile ya wakimbizi alikwenda kambi ya Benako kuuza vitenge na sabuni, huko akakutana na mwalimu mmoja Mhangaza, Mkatoliki, akaolewa naye kanisani. Baba alikusanya nguo zake zote akampa mpita njia. Akatuambia jina lile lisitajwe tena nyumbani, na halikutajwa. Hata baba alipofariki, mama hakulitaja. Na mimi, sitajitetea, sikulitaja vilevile.

Mwezi uliopita simu ililia dukani, namba nisiyoijua.

"Saada?"

"Ndiyo, nani mwenzangu?"

"Dada yako."

Nilikaa juu ya gunia la hina. Alikuwa ameipata namba yangu kwa mfanyabiashara mmoja wa Rulenge ambaye hununua udi kwangu. Hatukulia, wala hatukulaumiana. Aliuliza tu, "Bado mnauza ubani? Ule ubani maka, wa kutafuna?"

"Tunauza."

"Niletee. Hapa nyumbani kuna mzazi, binti yangu Agripina amejifungua. Njoo upesi, Saada."

Nikajua ni wa kumfukiza mzazi, maana arobaini haingoji mtu. Nikamwambia nitauleta kwa mkono wangu.

Sasa, ubani niliokuwa nao dukani ulikuwa wa chini ya gunia, umechanganyika na maganda na vumbi. Nikaona haya. Miaka yote ile, halafu nimpelekee dada yangu makombo? Nikaagiza Mwanza ule wa daraja la kwanza, mweupe unaoelekea njano, ukiuvunja unakatika kama kioo. Muuzaji akasema siku tatu. Zikawa kumi na sita. Katikati yake Rukia alipiga tena.

"Umefika wapi?"

"Mzigo haujafika, dada. Nataka nikuletee ulio mzuri."

"Hata wa kawaida, Saada."

Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Subiri, utaniambia mwenyewe."

Biharamulo mpaka Lusahunga

Nilitoka Jumanne asubuhi. Mama nilimwambia nafuata wateja Ngara. Alikuwa anafukiza mtungi wa maji kama kawaida yake: ameufunika kichwa chini juu ya kigae cha moshi wa ubani ili maji atakayoyatia yapate harufu. Aliinua uso akaniangalia. Aliposikia neno Ngara aliuliza kama nimechukua sweta, basi.

Ubani niliutia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalifunga kwa kitambaa, nikaliweka ndani ya begi katikati ya kanga mbili mpya na shali ya mtoto. Nilipanda mchomoko, zile gari ndogo zinazobeba watu kwenda njia panda. Kabla hatujatoka mjini dereva akafungua kioo. "Mama, umebeba nini? Gari linanukia kama arusi." Nikamwambia nakwenda kumwona dada yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo mbele ya mtu baki, na nililisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Njia nzima niliwaza maneno ya kuanza nayo. Nilipanga kumwomba radhi, kisha nikaona hapana, nianze na mtoto, nimbebe mtoto kwanza, mengine yatakuja yenyewe.

Lusahunga, siku nzima

Lusahunga ni mahali ambapo kila mtu yuko njiani kwenda kwingine. Malori ya mipakani, Rusumo na Kabanga, yanasimama, madereva wanakula, wanaondoka. Siku hiyo hakuna aliyeondoka. Lori la saruji lilikuwa limelala katikati ya mlima mbele ya Nyakahura na mvua ilikuwa inanyesha, hakuna gari linalopanda wala kushuka. Foleni ya malori ilifika mpaka kwenye vibanda vya mahindi.

Nilikaa kwa mama lishe mmoja, nikaagiza wali na maharage. Karibu yangu alikaa mama wa makamo kutoka Nyamigogo, jina lake Mama Leokadia, mkulima, amebeba dumu la asali anampelekea binti yake Benako. Tulianza kwa kupeana pole za mvua. Baadaye akanusa, akasogeza dumu lake mbali na begi langu.

"Samahani dada, wewe ni mganga?"

"Hapana. Mfanyabiashara."

"Basi hiyo halufu?"

Nikamfungulia kopo aone. Hakutaka kugusa. Kwao, alisema, kitu kinachofukizwa ama ni cha padri ama ni cha mganga, na mimi hakuniona kama padri. Tukacheka wote wawili. Nikampa punje moja atafune. Alikunja sura kwa uchungu wake, akataka kuitema, nikamwambia avumilie. Ukivumilia, ubani unalainika mdomoni unakuwa kama ulimbo, na kinywa kinapoa. Alitafuna. Baada ya muda akasema, "Kweli. Nilikuwa na ladha ya homa mdomoni tangu juzi, imeondoka."

Nayakumbuka maneno hayo kuliko yote niliyoyasikia siku ile.

Kwenye saa tisa mchana nilimpigia Rukia kumweleza kwamba nimekwama. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa. Nikaona labda chaji imekwisha, au yuko na mzazi. Nikamwandikia: "Dada nimekwama Lusahunga, kesho nafika inshallah, ubani ni mzuri sana." Nililala nyumba ya wageni chumba kimoja na Mama Leokadia, kwa sababu vyumba vilikuwa vimejaa.

Nyakahura na kizuizi

Asubuhi njia ilifunguliwa upande mmoja. Tulipata nafasi kwenye gari ya abiria iliyokuwa inatoka Kahama. Tulipita pale lori lilipoanguka: saruji imelowa imeganda barabarani kama mawe ya kijivu, na dereva wake, mzima, amekaa kando na bakuli la uji mkononi.

Mbele ya Nyakahura tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari kijana aliingia, akavuta pumzi mara mbili, akauliza begi lile ni la nani.

"Langu."

"Kuna nini?"

"Ubani."

"Bangi?"

"Ubani, baba. Ubani!"

Gari zima likageuka. Nilishushwa na begi langu. Kopo likafunguliwa, punje zikamwagwa juu ya gazeti. Hakuwa mkorofi, ila alikuwa hajapata kuona ubani maishani mwake na hakutaka kukosea. Wenzake nao hawakujua. Tulikaa hapo karibu saa nzima abiria wakinilaani kimyakimya. Mwishowe nikamwambia, "Leta moto, uone mwenyewe."

Palikuwa na bibi anachoma mahindi. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba, nikamwomba kaa moja. Nikaweka punje mbili. Moshi mweupe ukapanda ukatuzunguka sote, askari, bibi, na madereva wa malori waliokuja kutazama. Bibi akafanya ishara ya msalaba. "Hili ni Kanisa," alisema. Dereva mmoja, mtu wa Tanga kwa lafudhi, akavua kofia. "Kwetu hii ni maiti," akasema. "Mama yangu alipooshwa nyumba nzima ilinuka hivi." Mimi nikamjibu kwa ukali kwamba kwetu ni harufu ya mzazi na mtoto mchanga, na ndiko ninakoupeleka. Sijui kwa nini nilikasirika. Kwetu pia ni ya maiti, anajua kila mtu.

Askari aliziokota punje moja moja mwenyewe, akanirudishia kopo kwa mikono miwili. "Nisamehe mama. Sasa nimejua."

Benako

Mama Leokadia alishuka Benako. Binti yake alikuwa anamngoja kando ya barabara na mwavuli. Waliposhikana mikono waliendelea kushikana, hawakuachana, wanaulizana habari za kila mtu wa nyumbani hadi za ng'ombe. Mama Leokadia akanigeukia, akanimiminia asali kidogo kwenye chupa ya maji. "Mpe mzazi wako, achanganye na uji."

Nilisubiri hapo kwa saa mbili gari ya kwenda Ngara mjini. Nilikunywa chai ya rangi na maandazi nikitazama vilima. Hapa ndipo Rukia alikuwa na meza yake ya sabuni. Nilimuuliza mwenye kibanda kambi ilikuwa wapi. Akaonyesha kwa mkono mashamba na miti, hakuna kitu. Alikuwa hajazaliwa wakati huo. Nikajiuliza dada yangu alisimama wapi siku ile alipoamua kwamba harudi nyumbani, na kama alingoja walau siku mbili tatu aone nani atamfuata. Baba alinikataza, kweli. Lakini nilikuwa msichana mkubwa mwenye miguu yangu.

Ngara, nyumbani kwa Mwalimu

Kutoka Ngara mjini nilichukua bodaboda mpaka kijijini, mlimani, kwenye migomba na mibuni. Dereva alilijua jina la Mwalimu Laurenti, mume wa Rukia, akaendesha bila kuniuliza lolote, na mimi nilifurahi kwamba hana maneno mengi. Aliniacha kwenye kona, pikipiki isingeweza kupanda kwa utelezi.

Nilipotokeza nikaona turubai limefungwa uani, viti, masufuria makubwa yanafuka moshi, wanawake wa vitenge wanamenya ndizi. Nikasema, kumbe wamemfanyia mtoto sherehe. Kumbe amewaita watu kwa sababu mimi nakuja.

Wenzangu, hapa ndipo ninaposhindwa kila nikitaka kuwasimulia kwa mdomo. Nilitua begi, nikajifunga kanga kiunoni, nikapiga vigelegele. Nilivipiga kwa nguvu zote, kama tunavyovipiga kwa mzazi, mara tatu, huku napanda.

Hakuna aliyenipokea. Visu vilisimama kwenye ndizi. Mzee mmoja aliinuka kwenye benchi ananiangalia kama mwehu. Ndipo nikaona kwamba wanaume wote wamekaa kimya, na kwamba kwenye mlango wa nyumba umesimamishwa msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, na juu yake limeandikwa jina. Limeandikwa jina la ubatizo, Veronika. Chini yake, kwa herufi ndogo, Rukia.

Mwalimu Laurenti alikuja mwenyewe. Ni mrefu, mvi kichwa kizima. Nilimjua kwa sababu hakuna mwingine angenishika bega vile.

"Shemeji Saada."

"Shemeji, ni nini hiki?"

"Ametutoka. Jana, saa tisa."

Jana saa tisa nilikuwa Lusahunga na simu sikioni.

Waliniingiza ndani kwa wanawake. Agripina alikuwa amekaa kwenye mkeka na mtoto kifuani, akanisalimu, "Shikamoo mama mdogo," kisha akaanza kulia upya. Sikuwahi kuitwa mama mdogo na mtu yeyote. Nilimpa shali, nikampa asali, kisha nikatoa lile kopo. Nikamwambia, "Mama yako aliniagiza nije nikufukize."

Akaniangalia asielewe. "Mimi? Hapana, mama mdogo. Mimi sikuuhitaji. Ulikuwa wake mwenyewe."

"Aliniambia kuna mzazi."

"Alisema hivyo usije ukashtuka. Alikuwa na ugonjwa wa tumbo tangu mwaka jana. Chakula kilimkataa. Alisema kila kitu kina ladha ya chuma mdomoni, hata maji. Akawa anasema, natamani nitafune ubani wa nyumbani, nitapata hamu. Kila gari likinguruma huko chini alikuwa ananituma nikatazame."

Dukani kwangu, chini ya gunia, wakati wote ule, ulikuwepo. Wenye maganda, wenye vumbi, lakini ubani. Ningempa mtu wa kwanza anayekwenda Ngara, angeupata kesho yake. Wiki mbili nzima angekuwa nao mdomoni. Mimi niliutaka ulio mweupe.

Jioni waliniletea chakula. Walikuwa wamemtuma mtu kijiji cha pili kumtafuta Mwislamu aje anichinjie kuku, kuku mmoja, kwa ajili yangu peke yangu, katika msiba wa watu mia. Sikuweza kumeza. Mzee yule wa kwenye benchi, Mzee Sebastiani, baba mdogo wa Mwalimu, alilichukulia vibaya. Nilimsikia nje akisema, "Wamemtupa mtoto wao miaka yote, leo anakuja kutupigia vigelegele na chakula chetu hali." Kila neno lake lilikuwa na haki. Nilinyanyuka nikatoka nikapiga magoti mbele yake. "Shikamoo baba. Nilidhani ni sherehe ya mtoto. Sikujua. Na kuku nitamla, nipe muda kidogo."

"Marahaba," akasema, na akasogea kwenye benchi, nikakaa.

Asubuhi ya maziko niliomba jambo moja. Mwili ulikwishaoshwa na kuvishwa, uko ndani ya jeneza sebuleni. Nikaomba nimfukize yeye na shuka lake, kama tunavyofanya kwetu. Wakaanza kubishana, kwa Kihangaza, nisielewe isipokuwa neno mganga. Katekista alikuwepo, mtu mpole mwenye miwani. Aliomba kopo, akanusa, akachukua punje moja akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Huu ndio tunaoutia kwenye chetezo altareni," akawaambia. "Ila wetu hauwi safi hivi."

Mwalimu akasema, "Aachwe. Ni ndugu yake. Mimi nilimchukua kwao bila hata kuaga."

Basi walitoka, tukabaki mimi na Agripina. Tuliweka makaa kwenye kigae cha chungu. Nikazungusha moshi miguuni, mikononi, kichwani, nikainua shuka kidogo moshi uingie. Dada alikuwa amekonda kiasi kwamba kama si kovu la kidevuni, alilolipata alipoanguka kisimani tukiwa wadogo, ningesema wamenionyesha mtu mwingine. Nilimwomba radhi zangu zote hapo, kwa sauti. Agripina alisikia kila kitu. Mtoto alipiga chafya kwa ule moshi, mara mbili, akaendelea kulala.

Katekista aliondoka na konzi moja ya ubani kwa ajili ya kaburini. Padri alipozungusha chetezo juu ya shimo, harufu ilishuka mpaka kwenye mibuni. Nilisimama nyuma na kanga yangu kichwani kwa sababu sala zile sizijui. Mzee Sebastiani alitoka kwa wanaume akaja kusimama kando yangu, na alipokuwa anatupa udongo alinisukumia jembe na mimi nitupe.

Kurudi Biharamulo

Nilikaa mpaka matanga yakaanuliwa. Njia ya kurudi haikuwa na kikwazo chochote. Nilipita Benako, Nyakahura na Lusahunga kwa nusu siku, barabara kavu, na hilo liliniumiza kuliko foleni.

Mama nilimkuta amekaa barazani. Nilikuwa nimepanga kumweleza polepole, nianze na mbali. Nilipokaa tu akasema, "Umekwenda kwa Rukia." Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina hilo kinywani mwake tangu nikiwa msichana.

"Ndiyo, mama."

"Hajambo?"

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alinyoosha miguu yake, akaikunja, akainyoosha tena. Aliuliza kama mume alimtunza. Nikasema alimtunza. Aliuliza watoto wangapi, nikamwambia wanne, na mjukuu mmoja.

"Nilikuwa nangoja baba yenu aondoke duniani ndipo nimwite," alisema. "Alipoondoka nikaona haya. Nikasema nitamwambia nini? Basi nikawa nangoja aanze yeye."

Nilichukua simu nikampigia Agripina, nikamwambia bibi yake anataka kumsalimu, nikamwekea mama sikioni. Nilisikia Agripina akisema shikamoo bibi. Mama alishtuka, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Sauti ni yake," akaniambia, macho yamemtoka. "Saada, sauti ni yake ile ile." Kisha akairudisha sikioni. "Sema tena, mwanangu. Usikate. Sema lolote."

Agripina akaanza kumweleza kwamba kwao mvua imenyesha tangu asubuhi, kwamba maharage ya nyuma ya nyumba yametoa maua, kwamba mtoto amenyonya na amelala. Mama alikuwa amefumba macho, anaitikia, "Ehee. Ehee, mama. Endelea."